Ukuta umejikunja kama ndizi: matatizo ya othofoto za majengo na pa kuanzia kuyatafuta

Kwenye laptopu yangu kuna folda inaitwa MAKAPI, humo ndo natupia othofoto zote zilizoharibika, na mpaka leo ina nyumba nyingi kuliko folda ya zilizofaulu. Nyingi ni za Mikindani, huku pwani ya kusini mwa Tanzania, zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, chache za Lindi mjini na Kilwa Kivinje. Naandika hii kwa sababu wadogo zangu wa fani, wachoraji na wapimaji na wanafunzi wa usanifu majengo, kila wiki wananitumia picha ya skrini na swali lilelile "bro mbona imetoka hivi", na jibu huwa ni moja kati ya haya.

Kwanza tuelewane. Othofoto ya ukuta ni picha ambayo kila sehemu unaiona kwa mbele kabisa, cha mbali hakijawa kidogo na cha karibu hakijawa kikubwa, unaweka rula unapima. Hiyo inatokana na programu kutengeneza umbo la ukuta kwanza (Metashape, RealityCapture ambayo siku hizi inaitwa RealityScan, au ya bure kama MicMac, zote mwendo ni huo) halafu ndo inalibandika picha na kulipiga chapa kwenye bapa. Kuchukua picha moja ukainyoosha kona nne kwenye programu ya kuhariri picha sio othofoto, hata ipendeze vipi. Umesimama mita 6 kutoka ukutani, mlango umeingia ndani sm 40 kwa sababu kuta za matumbawe ni nene, ukinyoosha picha kwa kufuata uso wa ukuta basi mlango wa mita 1.2 unausoma kama 1.12. Kwahiyo ukiona kuta ziko sawa ila milango na madirisha yote yamepungua, usitafute mbali, hukutengeneza othofoto, ulinyoosha picha.

"Nimeweka picha 70, imekubali 9"

Swali langu la kwanza kabisa: picha zimefikaje kwenye laptopu? Ukiniambia mwenzako alikutumia kwa WhatsApp tumemaliza hapo. WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida inazibana na inafuta maelezo ya ndani ya faili, yale yanayosema lenzi ilikuwa ya milimita ngapi na kamera gani, sasa programu inaanza kubahatisha na kubahatisha kwenyewe ni kwenye picha iliyokwisha kubanwa. Tumia waya, au kadi, au kama lazima WhatsApp basi tuma kama dokumenti. Hili limewahi kunila siku mbili nzima nikihangaika na setingi.

Kama picha ni za asili basi tatizo ni ulivyotembea. Watu wengi wanasimama sehemu moja wanageuka kama feni, kushoto, katikati, kulia. Hapo programu haina cha kupimia kina, inahitaji kuona jiwe lilelile kutoka sehemu mbili tofauti za kusimama. Tembea sambamba na ukuta, piga, sogea hatua, piga, na picha zilaliane kama mabati, ila mabati yanalaliana kidogo wewe unataka asilimia 80 hivi, yaani kila kipande cha ukuta kionekane kwenye picha zaidi ya tatu. Zumu usiiguse kabisa. Kwenye simu zenye kamera tatu angalia isije ikakubadilishia lenzi yenyewe katikati ya kazi, simu zinafanya hivyo bila kukuambia.

Halafu kuna kesi ya ukuta mweupe. Chokaa iliyopakwa juzi kwa ajili ya harusi, nyeupe pee, programu haioni kitu cha kushika. Huo ukuta upige asubuhi na mapema au jioni jua likiwa linaukwangua kwa ubavu, vile vimabonde vya chokaa vinatoka na hapo picha zinajipanga. Ukishindwa rudi nyuma kidogo ili kila picha iwe na kitu kingine ndani yake, ukingo wa paa, nguzo, baraza. Mi nishawahi kuazima mikeka miwili ya ukili yenye rangi nikaitandika barazani urefu wote chini ya ukuta, picha zote zikakaa. Mkeka hausaidii ukuta wenyewe kuwa na maelezo, unasaidia programu kujua kamera ilikuwa wapi kila picha, na hiyo ni nusu ya kazi. Ila usibandike vitu kwa gundi kwenye lipu ya zamani, tafadhali, itatoka nayo.

Ndizi

Hili ndo limenifanya niandike. Umepiga ukuta wa mita 18, umetembea vizuri, picha zote zimejipanga, rangi safi, unageuza umbo kwenye skrini ulitazame kwa juu, unakuta limejikunja. Katikati kumetoka mbele au kumeingia ndani, kama ndizi.

Chanzo kinachojulikana ni hiki: picha zote umezipiga ukiutazama ukuta kwa mbele tupu, umbali uleule, kamera imelala vilevile. Programu inatakiwa ikadirie vitu viwili kwa pamoja, umbo la ukuta na mpindo wa lenzi, na kwa picha za namna hiyo haiwezi kuvitenganisha, kosa dogo la lenzi linageuka kuwa mkunjo wa ukuta na kila picha inaliongezea kidogo mpaka mwisho wa mstari. Na kwa sababu othofoto inafuta kina, unaweza usiuone mkunjo kwenye picha ya mwisho kabisa, ila ugonjwa uleule umeshavuta na vipimo, madirisha ya pembeni hayalingani na ya katikati wakati kwa kweli yanalingana.

Dawa ni kurudi ukutani, sio setingi. Mstari wa kwanza kwa mbele kama kawaida. Wa pili ukitembea unaelekeza kamera kushoto kidogo, wa tatu kulia. Picha kadhaa simamisha kamera wima badala ya kulala. Chache zipige ukiwa mbali zaidi, zinazoshika ukuta mzima, hizo zinaufunga mstari kama mkanda. Na zima kile kitulizaji cha mtikisiko kwenye lenzi kama kamera inaruhusu, kwa sababu kinasogeza vioo vya ndani kila picha, lenzi inakuwa sio ileile. Fokasi nayo ishike sehemu moja uiache hapo.

Lakini subiri, kabla hujarudi. Kuta za matumbawe za miaka mia na zaidi zinapinda kweli! Maji yanaingia kwa juu paa likishaharibika, chokaa inalegea, ukuta unafanya tumbo. Ukiusahihisha kwenye kompyuta ukawa nyoofu umefuta ushahidi ambao mwenye nyumba alikuwa anauhitaji kuliko picha yenyewe. Kwahiyo mi siendi site bila uzi wa fundi. Unavutwa kona mpaka kona, unaweka vipande viwili vya mbao vya unene sawa kwenye ncha ili uzi usiguse ukuta, halafu unapima kila mita moja kutoka uzi mpaka ukutani, unaandika. Dakika kumi na tano.

Nyumba moja pale Mikindani umbo lilisema tumbo la sm 9. Uzi ulisema sm 3. Maana yake sm 3 ni za ukuta na 6 ni zangu, na zile 6 zilikuwa kwa sababu nilikuwa na haraka jua linazama nikapiga mstari mmoja tu. Bila uzi ningemwambia bibi mwenye nyumba kwamba nyumba yake inaanguka.

"Skeli haiji"

Fotogrametri, yaani huku kupima kwa picha, haijui ukubwa. Kwa programu, nyumba na kiberiti ni sawa tu mpaka umpe kipimo. Sasa watu wanampa kipimo kifupi, rula ya sm 50 imeegemezwa chini ya dirisha, wakikosea kuibonyeza mm 2 tu basi kwenye ukuta wa mita 20 tayari ni sm 8 zimepotea. Toa kipimo kirefu, karibu na urefu wote wa ukuta, na kingine cha kwenda juu. Mita ya leza ndo nzuri, tepu ya kuvuta wakati wa kusi inapigwa upepo inafanya tumbo na unasoma zaidi ya ilivyo.

Alama za kubandika Metashape inazichapisha yenyewe na inazitambua yenyewe, zichapishe A4, zikate, zibandike kwa tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, haichubui sana. Karatasi ya kawaida kwa hewa ya bahari inajikunja kabla hujamaliza mzunguko, igundishe kwenye kadibodi kwanza.

Na vipimo usimpe vyote. Pima sita, mpe vitatu, vitatu bakiza kwa siri. Picha ikishatoka ipime kwa vile ulivyobakiza, hasa ulalo, kona ya chini kushoto mpaka ya juu kulia, kama fundi anavyokagua msingi. Programu itakuonyesha kosa lake yenyewe mm 1 mm 2 inajisifu, hayo ni makosa kwenye vipimo ulivyompa, ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Kwa mchoro wa 1:50 mi nikiona vile vya siri vimekosa ndani ya mm 10 mpaka 15 narudi nyumbani nalala, zaidi ya hapo hapana.

"Imetoka imelala" au inaonyesha paa badala ya ukuta

Programu nyingi zimezoea droni na ramani, usipoiambia kitu itakutolea picha kutoka juu, unapata ukanda mwembamba wa matope. Lazima uchague projeksheni ya planari, yaani picha ipigwe chapa kwenye bapa unalolichagua wewe, na uiambie bapa hilo liko wapi. Wengi wanageuza umbo kwa mkono mpaka "linaonekana sawa" wanabonyeza. Jicho linadanganyika kwa nyuzi mbili tatu bila shida, na nyuzi mbili kwenye ukuta wa mita 5 ni kama sm 17 juu ukilinganisha na chini.

Tumia markeri (zile alama za kubandika) mbili za kulala na mbili za kusimama. Za kulala zipate kwa mpira wa maji, ule wa mafundi unaoonyesha ndani, umejazwa maji, alama mbili kwenye ncha za ukuta. Za kusimama ning'iniza timazi. Kamba, jiwe au bonge la saruji chini, ncha ya jiwe itumbukie kwenye ndoo ya maji ili upepo usilichezeshe, halafu bandika alama mbili ukutani kwa kufuata kamba. Usiamini kona ya nyumba kuwa ni wima. Usiamini fremu ya mlango. Ukienda kwenye magofu kama ya Kilwa Kisiwani (ambayo pamoja na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, kwahiyo kibali kwanza kamera baadaye) hakuna mstari hata mmoja ulionyooka wa kukuokoa, timazi ndo kila kitu.

Mizimu

Kingo mbili mbili, mtu nusu, mbuzi bila kichwa. Hapa nina kisa. Nyumba barazani, bibi amekaa, kwenye kamba kaanika kanga mbili mbele ya ukuta.

"Shikamoo bibi. Naomba tusogeze nguo kidogo tupige picha ya ukuta."

"Marahaba mwanangu. Ukuta una nini cha kupigwa picha? Zipige na kanga zangu, ndo nzuri."

Nikaona aibu kubishana, nikapiga hivyohivyo. Othofoto imetoka na kanga tano, moja inasomeka nusu ya jina, nyingine imeyeyukia kwenye dirisha, na nyuma yake ukuta una shimo. Kitu chochote kinachotikisika kati ya picha na picha, nguo, majani ya mwembe, nyaya za umeme, watu, programu inakiona sehemu tofauti kila mara na inajaribu kukiridhisha kila picha. Ziwekee kinyago sehemu hizo, yaani zifunike programu isizitumie, kwenye picha moja moja kabla ya kujenga umbo, inachosha lakini ndo kazi. Kama tayari umeshajenga, ingia kwenye kuhariri mishono ya othofoto, zungushia sehemu iliyoharibika uchague picha moja ambayo mtu hakuwepo. Na njia ya kuchanganya rangi iwe mozaiki sio wastani, wastani unachanganya picha zote na kila kilichopita kinaacha kivuli.

Kingo mbili kwenye kitu kisichotikisika, mfano kizingiti cha mlango wa kuchonga, hiyo ni nyingine. Hapo umbo lenyewe ni bovu, halikushika kina cha mlango, picha kutoka kushoto na kulia zinaangukia sehemu tofauti. Ongeza picha za karibu za mlango kutoka pembe zote jenga tena.

Juu kumeyeyuka

Chini mawe yanahesabika, juu karibu na paa kama sabuni iliyolowa. Ulipiga ukiwa umesimama chini unainua kamera, kwahiyo juu unakuona kwa pembe kali, pikseli chache zimevutwa. Na ubao wa paa ukiwa umetokeza mbele sehemu ya nyuma yake haikuonekana kabisa, hapo hakuna programu itakayokutolea. Ufito wa mwanzi wa mita 4 na simu imefungwa juu kwa raba, saa ya kujipiga kila sekunde mbili, unatembea nao kama bendera. Watoto watakufuata, sawa. Droni ni tamu zaidi ila inataka kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na sio kitu cha kurusha tu kwa sababu unayo. Kupanda juu ya ukuta wa matumbawe ili upate picha, hapana. Hata huyu Albrecht Meydenbauer, Mjerumani anayetajwa kama mwanzilishi wa kupima majengo kwa picha, wazo lilimjia 1858 baada ya kunusurika kuanguka akipima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono.

Ukingo wa paa ukiwa na vipande vya bluu vimeganda kama barafu, hilo ni anga, liwekee kinyago.

Rangi mabaka mabaka

Kamera ilikuwa kwenye otomatiki. Ekspoja (kiasi cha mwanga) na rangi zifunge kwa mkono, basi. Na jua: huku kwetu katikati ya mwaka jua la mchana liko kaskazini, ukuta unaotazama kusini uko kwenye kivuli siku nzima na ndo wakati wake mzuri wa kuupiga, ule wa kaskazini usubiri miezi ya mwisho wa mwaka mpaka mwezi wa 2 au siku ya mawingu. Kivuli cha mnazi kilichohama katikati ya kazi hakifutiki baadaye.

Picha haina maelezo ya kutosha

Piga hesabu kabla hujatoka nyumbani. Umbali ukizidisha kwa upana wa sensa ukigawa kwa milimita za lenzi unapata upana wa ukuta kwenye picha moja, gawa kwa idadi ya pikseli. Kamera yenye sensa ya mm 23.5, pikseli 6000, lenzi ya 24, ukiwa mita 6 ni kama mm 1 kwa pikseli. Simu ya kawaida ya megapikseli 12 hapohapo ni kama mm 2. Mchoro wa 1:50 ukiuchapisha kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji mm 4 hivi kwa pikseli, kwahiyo simu inatosha sana, 1:20 unahitaji 1.7 na simu sasa lazima isogee karibu. Ofisi moja ilinirudishia kazi eti haina ubora, kumbe walikuwa wanaizumu kwenye skrini mpaka waone chembe za mchanga. Kubalianeni skeli kabla.

Laptopu inagoma

RAM 8 na picha 300 kwa ubora wa juu, itagoma tu. Shusha ubora wa wingu la nukta (zile nukta zinazounda umbo) kuwa wa kati, kwa ukuta mara nyingi huoni tofauti, au kata jengo upande upande, kila uso mradi wake. Sevu baada ya kila hatua maana umeme ukikatika saa saba usiku hatua ya tatu, unaanza moja. Mi nikishaona picha zimejipanga nasevu nakala ya pili kwenye flashi, kisha ndo naiacha ijenge usiku huku nimeiinua juu ya vipande viwili vya tofali ipate hewa.